Barua Hutoka Ijumaa Saa Sita

Ijumaa, 8 Februari 2013

Nimepewa Tatu.

Bahasha ya kahawia, muhuri wa kamati, juu ya meza yangu saa sita na dakika tano mchana. Nimeisoma nimesimama, koti la baridi bado mwilini. Alama za makosa huanzia Moja hadi Nne, na Tatu maana yake ni hii: kwa miezi sita kila nitakachoandika kuhusu mgonjwa kitasomwa na daktari mwingine kabla hakijaingia kwenye faili. Miaka kumi na minne natibu watoto wa mji huu! Leo nasahihishwa kama mwanafunzi.

Kosa ni langu, silikatai. Mtoto wa miezi kumi na tisa, homa siku ya tatu. Nilinakili maelezo ya jana yake nikayabandika kwenye ya leo — wote tunafanya hivyo, kompyuta imetufundisha uvivu — na maneno "masikio yote mawili safi" yakaingia nayo. Masikio hayakuwa safi. Usaha ulikuwa umeshafika kwenye mfupa. Alipasuliwa, amepona. Mama yake alinikumbatia pale wodini akasema yamekwisha.

Kwa Orrin Brandvold hayajakwisha. Yeye ndiye mkuu wa kundi letu la madaktari, ndiye mwenyekiti wa kamati inayopitia makosa, na ndiye aliyeniajiri. Ameandika kwa mkono wake: "Uzembe uliokwisha kuwa tabia." Maneno manne.

Eti kamati husoma faili ambalo jina la daktari limefutwa, na alama hutolewa kabla jina halijafunuliwa. Hadithi za kuwalaza watoto. Madaktari wa watoto tuko wanne tu! Alijua ni mimi.

Nikashuka ofisini kwake. Hayupo. Katibu wake, Bernadine, akaniambia huku anapanga kalamu zilizokwisha kupangwa: Dokta kaenda ziwani kuvua kwenye barafu, simu hapokei, jaribu Jumatatu.

Mimi nalia chooni, yeye kakalia ndoo juu ya barafu anasubiri samaki.

Naandika ili nisije nikasahau. Kile kiti chake nitakikalia. Na siku moja naye atafungua bahasha ya kahawia, akiwa amesimama.

Jumatatu, 14 Septemba 2015

Nimechaguliwa mkuu wa kitengo cha watoto. Kura tatu kati ya nne. Haugen, mwenzetu wa watoto aliyekishika kitengo kabla yangu, amestaafu, kahamia Arizona kwenye joto, na wengine hawataki vikao. Mimi nataka vikao. Nitakaa kwenye kila kikao kitakachoitishwa humu ndani hadi nifike juu.

Brandvold akanipigapiga bega. "Hongera, binti." Nina miaka arobaini na saba.

Sasa ni kazi yangu kusoma maelezo ya kila mtu, yake pia. Bado anaanza kila ukurasa na sentensi ileile: "Mtoto anamtazama daktari kwa mashaka yanayostahili." Mwaka 1999, nilipofika hapa, niliiona tamu sana. Nilimwomba anipe maelezo yake yote ya mfano, yale ya kujaza tu, nami niyatumie. Leo nikiiona sentensi hiyo naiziba kwa kidole ndipo nisome iliyobaki.

Sijapata kosa. Bado.

Jumanne, 22 Mei 2018

Nimeingia kwenye bodi. Viti saba, kimoja changu.

Brandvold alifungua kikao kwa kusema madaktari wa watoto ndio roho ya kundi hili. Kisha akawapa wapasuaji ghorofa mpya. Roho haihitaji vyumba, nadhani.

Wapasuaji wanatuita wapima kilo. Nacheka nao. Kila Ijumaa nakwenda nao kula samaki wa kukaanga, nakunywa brandi yao yenye cheri, nawasikiliza wakisifu magoti waliyobadilisha. Kura zao ni kumi na tisa.

Garth aliniuliza asubuhi, akiwa anafunga viatu vya kazini — anatengeneza mabasi ya shule, mume wangu, na huuliza maswali kama anayetafuta mlio kwenye injini. Hivi huo uongozi unaupenda lakini?

Nikamwambia sijui. Akasema basi ungeanza na kujua.

Ajabu ni kwamba kazi yenyewe naiweza. Nimepunguza foleni ya chanjo, nimepata nesi wa pili wa zamu ya jioni. Watu wananiambia nimezaliwa kuongoza. Sijazaliwa kuongoza. Nina mtu ninayemfuata.

Jumatano, 7 Julai 2021

Leo ameanza kazi Dokta Pa Kou Vue. Mimi ndiye niliyemwajiri, na nilipigana.

Nilimtibu tangu ana miaka saba. Wazazi wake Wahmong, wakimbizi wa milimani kutoka ng'ambo, walifika mjini na mabegi mawili, na yeye ndiye aliyekuwa mkalimani wao kliniki, miguu haifiki sakafuni akiketi. Aliwahi kuniambia, ana miaka tisa: Dokta, mama anasema kichwa, lakini mimi naona ni meno. Yalikuwa meno.

Leo kavaa koti jeupe lenye jina lake. Nikatoka nje kidogo, nikapangusa macho, nikarudi.

Nimempa maelezo yangu yote ya mfano, kama yalivyo, asianzie sifuri. Akasema, "Dokta, nitajitahidi nisikuaibishe." Nikamwambia aache upuuzi, aende chumba namba tatu, kuna mtoto kaingiza shanga puani.

Alhamisi, 16 Novemba 2023

Thelathini na moja kwa ishirini na mbili. Mimi ndiye mkuu wa kundi!

Wapasuaji wote kumi na tisa.

Brandvold hakugombea, miguu, moyo, umri. Atabaki na kiti cha bodi na siku mbili za kliniki hadi Juni. Alijipiga mapaja kwa viganja viwili, "Haya basi," akainuka, kisha akasimama mlangoni dakika arobaini akiaga. Ndivyo tunavyoaga huku, lakini yeye huzidisha.

Halafu bodi, kwa sauti moja, ikapitisha jengo jipya la watoto liitwe kwa jina lake. Herufi za shaba juu ya mlango. Litafunguliwa Juni, siku atakayostaafu. Nilipiga makofi. Nilipiga hadi viganja vikauma.

Kila asubuhi ya maisha yangu nipite chini ya jina lake? Tutaona. Kuanzia Januari mwenyekiti wa ile kamati ni mimi. Na ni Nne pekee inayoweza kulishusha jina: mwenye Nne hawi mbia tena, si mmoja wa wenye kundi, na taarifa hupelekwa kwa watoa leseni wa jimbo. Hakuna bodi inayoandika jina la namna hiyo kwa shaba.

Ijumaa, 2 Februari 2024

Nimempata.

Nina furaha, na sioni haya kuandika hivyo.

Faili la tatu kati ya manne. Jina limefutwa kwa wino mweusi. Mtoto wa miezi kumi na moja, anatapika, kaletwa siku ya pili mfululizo. Maelezo ya siku ya pili ni yaleyale ya siku ya kwanza, yamenakiliwa neno kwa neno: "Tumbo laini, halina maumivu." Asubuhi iliyofuata mtoto yuko chumba cha upasuaji, utumbo umejiingiza ndani ya utumbo, wakakata kipande. Yu hai, yuko nyumbani, anakula.

Na mstari wa kwanza kabisa: "Mtoto anamtazama daktari kwa mashaka yanayostahili."

Niliusoma mara tatu. Ningeweza kwenda kwenye kompyuta nikalifungua faili lenyewe nihakikishe, lakini kila anayefungua huacha jina lake na saa. Sikuhitaji. Sentensi ile ni uso wake.

Kamati ni watu watatu. Mimi, mpasuaji mmoja asiyependa kusoma, na Kolbeck, msoma picha za eksirei, mtu mpole anayekunja karatasi vipande vidogo akifikiri. Bernadine anaandika kumbukumbu za kikao.

Kolbeck akasema angetoa Mbili. Tuulize kwanza siku hiyo daktari huyu aliona watoto wangapi, alisema.

"Nne," nikasema.

"Nne? Kwa kunakili? Dokta, tukihesabu hivyo hatabaki mtu."

"Huyu alitakiwa awe ameondoka miaka kumi iliyopita."

Kolbeck aliniangalia, akaacha kukunja karatasi. Mpasuaji akasaini. Kolbeck akasaini chini yangu, polepole. Kwenye nafasi ya maelezo nikaandika, kwa wino wangu mwenyewe: "Uzembe uliokwisha kuwa tabia."

Majina yanafunuliwa Jumatatu. Barua hutoka Ijumaa saa sita, kama ilivyokuwa siku zote. Safari hii nitakuwepo ofisini. Nataka nimwone akiisoma.

Nimemwambia Garth leo tule nje. Akauliza tunasherehekea nini. Nikasema Ijumaa.

Jumatatu, 5 Februari 2024

Pa Kou.

Ni Pa Kou.

Bernadine aliweka bahasha ndogo yenye jina mezani akaondoka. Nilikuwa nimejitengea dakika kumi za kuifurahia. Nilijimiminia kahawa kabisa.

Maelezo yale nilimpa mimi. "Kama yalivyo." Na mimi niliyapata kwa Brandvold mwaka 1999, na mstari ule wa kwanza naufuta kila ninapoandika, mwanzoni kwa haraka, baadaye kwa chuki, lakini faili la mfano lenyewe sikuligusa. Nilimkabidhi sentensi ya adui yangu, naye akaitumia kwa sababu ilitoka kwangu. Labda aliiona tamu, kama mimi.

Siku ile aliona watoto thelathini na mmoja. Nimeangalia ratiba. Ratiba niliyoipanga mimi, ile niliyosifiwa kwa kupunguza foleni.

Ni Mbili. Mtu yeyote mwenye macho angeona ni Mbili. Kolbeck aliona.

Kura ya kumpokea Pa Kou kuwa mbia ni Machi. Akipata Nne hakuna kura. Hakuna kazi mji huu. Nani atamwajiri kokote, taarifa ikishafika jimboni?

Nimesoma kanuni zote. Mwenyekiti peke yake anaweza kuirudisha alama na kuibadilisha kabla barua haijatoka. Lakini lazima aandike sababu, aisaini, na aisome mwenyewe mbele ya bodi nzima. Baada ya barua kutoka, hakuna anayeweza tena.

Sababu! Niseme nimefikiri upya? Kumbukumbu za Bernadine zina maneno yangu: alitakiwa awe ameondoka miaka kumi iliyopita. Pa Kou ana miaka miwili na nusu hapa. Kolbeck ana masikio. Hakuna mtu humu asiyejua nilimsema nani.

Nikiisoma sababu ya kweli, kiti kimekwenda. Kiti na heshima yote. Na Brandvold atakuwa kakaa pale mkono wa kulia, ananisikiliza.

Jumatano, 7 Februari 2024

Amenikuta kwenye korido, Pa Kou. Anajua faili lake liko kamatini, mama wa mtoto alimwambia wameombwa karatasi. Hakuuliza chochote. Alinipa kopo la wali na nyama iliyopikwa na mboga chungu kutoka kwa mama yake, kama kila wiki, akasema, "Mama anasema umekonda, Dokta. Anasema hicho cheo kinakula."

Nikasema mwambie mama ahsante.

"Yule mtoto nilimwona jana," akasema. "Kaongezeka nusu kilo. Nilikaa naye saa nzima. Sasa hivi nagusa tumbo la kila mtoto mara mbili, hata aliyekuja kwa chunusi."

Akacheka kidogo, akangoja nicheke. Nikaangalia saa.

Alhamisi, 8 Februari 2024

Nilikwenda kwa Brandvold. Sina mwingine anayeijua kamati ile kama yeye. Nilijiambia nitauliza kijuujuu tu, swali la kanuni.

Alikuwa kwenye chumba chake cha kutibia, anafungasha vitu vyake vya kuchezea vya mbao kwenye boksi. Bata, treni, yule samaki mwenye magurudumu. Hakuinua kichwa.

Nikauliza: wewe katika miaka yako yote, umewahi kuirudisha alama?

"Hapana," akasema. Akafunga bata kwenye gazeti. "Nani?"

Nikamkabidhi treni aifunge.

"Ulidhani ni mimi," akasema.

Si swali. Nilijisikia joto limenipanda shingoni kama mtoto aliyekamatwa mkono ungali mfukoni mwa mtu. Nikasema ndiyo. Nilitaka akasirike. Nilijiandaa kwa hasira, nina miaka kumi na moja ya majibu! Akaketi kwenye kile kiti kidogo cha wagonjwa.

"Ile Tatu yako, binti. Nilidhani ni Haugen."

Nikamwambia arudie.

Akarudia. Haugen alikuwa anampinga kila kikao mwaka ule, alikuwa anamtafutia njia. Faili likaja halina jina, maelezo mafupi, makavu, kama ya Haugen. Akaandika yale maneno manne, akafurahi wikendi nzima. Jumatatu bahasha ndogo ikafunguliwa. Jina langu.

"Ulikuwa na siku nne," nikasema.

"Nilikuwa na siku nne."

"Ukaenda kuvua samaki."

"Simu niliiacha garini makusudi." Alikuwa anazungusha gurudumu la yule samaki kwa kidole. "Ningesimama mbele ya bodi niseme nini? Nikajiambia wewe ni hodari, utapita. Na ukapita, si ndiyo? Umefika kunizidi."

Nikamwambia asithubutu kujisifia hilo.

"Sijisifii. Nimekuwa nikikuogopa tangu siku ile. Unadhani binti nilikuwa nakuita kwa nini? Nilikuwa sijui niseme nini kingine."

Kisha akajipiga mapaja. Haya basi. Akainuka, akanisindikiza mlangoni, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakusimama pale. Alisema jambo moja tu: mwaka huu barafu haibebi mtu, hakuna aliyekwenda kuvua. Akafunga mlango taratibu.

Nimekaa garini muda mrefu. Sijawahi kumchukia kama leo. Miaka kumi na moja nimejenga maisha yangu juu ya ubaya aliokuwa ameukusudia kwa mtu mwingine. Hata kuniumiza hakunikusudia! Nilikuwa nimepita tu njiani. Kumbe afadhali angenichukia.

Na sasa nimemshika. Amekiri kwa mdomo wake. Nikisimama mbele ya bodi nikaeleza ya 2013, shaba haitapanda ukutani. Nimepata nilichokitaka, kimekuja chenyewe hadi mkononi. Ila nikieleza yake bila yangu, Pa Kou anapotea. Na nikieleza yangu, sioni atakayekuwa na haja ya kusikia yake.

Garth kauliza kuna nini. Nikamwambia kila kitu, kuanzia mwanzo. Akanisikiliza hadi mwisho. Kisha: "Na huyo msichana anajua?"

Ijumaa, 9 Februari 2024

Saa tano na nusu asubuhi. Ofisini. Mlango nimeufunga.

Nimeandika sababu mara tatu. Zote tatu zimeanza na jina Brandvold. Nimezichana. Ya nne nimeandika "Mimi" halafu nimesimama hapo.

Bahasha ya kahawia iko kwa Bernadine. Nimeiona nikiingia, kaiweka kwenye ukingo wa meza, pale pale ilipokuwa inakaa yangu. Hakuniangalia. Bernadine ndiye aliyeandika kumbukumbu za vikao vyote viwili. Amejua siku zote, basi. Alikuwa anapanga kalamu.

Kolbeck kapita, kachungulia dirishani, kaondoka.

Saa tano na dakika arobaini. Chumba namba tatu mtoto analia na Pa Kou anaimba ule wimbo wa Kihmong anaowaimbia wakati wa sindano. Hajui kuimba. Mtoto kanyamaza.

Ningekuwa naandika hili kwenye karatasi ya kamati badala ya humu, ningekuwa nimeshamaliza. Sentensi mbili tu zinatosha. Naijua kila herufi yake.

Garth ameniletea ujumbe kwenye simu. Yuko karibu, ana mapumziko marefu leo. Twende tukawahi samaki kabla ya foleni? Hajataja la jana. Sijui kama ananionea huruma au ananipima.

Saa sita kasoro dakika nane. Simu ya mezani. Bernadine, sauti ya kawaida kabisa.

"Dokta, niipeleke, au unataka kusema kitu?"

Nikamwambia nipe dakika.

"Unazo saba," akasema, akakata.

Brandvold leo si siku yake ya kliniki, lakini gari lake lipo uani. Kaliegesha likitazama dirisha langu. Injini inaunguruma, vioo vimeingia ukungu, sioni kama yumo.

Asinitazame. Hana haki ya kuniangalia nikichagua.

Kasoro dakika tatu. Simu inaita tena. Kalamu iko mkono wa kulia, na karatasi ya kamati bado imeishia kwenye "Mimi". Koti nimeshalivaa. Mkono wa kushoto una funguo za gari, na sikumbuki kuzichukua.